Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mradi: tuachieni tupange wenyewe kompyuta zetu zifanye kazi lini

Majengo, Moshi,
Kilimanjaro.

Kwa wasimamizi wa mradi na wote mnaoshika seva zake, yaani kompyuta kuu zinazotugawia kazi.

Ndugu Wasimamizi,

YAH: TUNAOJITOLEA KOMPYUTA KUNYIMWA UAMUZI WA RATIBA YA KAZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima zote. Jina la mradi wenu sijaliweka humu kwa makusudi, wenyewe mtajijua, na sitaki watu waanze kuwatukana maana kazi mnayofanya naipenda na ndo maana nimevumilia muda wote huu. Barua tatu za mwanzo niliwaandikia nyie wenyewe, kwa Kiingereza, kwa njia ileile mliyotuelekeza. Ya kwanza nikajibiwa imepokelewa, ya pili nikaambiwa nisome mwongozo, na mwongozo nilikuwa nimeshausoma wote, ya tatu kimya mpaka leo. Kwaiyo hii naiweka hadharani na naiandika Kiswahili, sababu hapa Moshi na kule Arusha tupo kadhaa tunaoendesha hizi kazi, kuna vijana nimewaunganisha mimi kwa mkono wangu, na wana haki ya kujua nawadai nini kwa niaba yao.

Kwa ambaye hajawahi kusikia haya mambo nieleze kidogo. Kompyuta nyingi usiku zimekaa tu. Kuna programu inaitwa BOINC, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ukiiweka inachukua kipande cha hesabu, ndicho tunachokiita kazi, kutoka kwenye seva ya wanasayansi, inakikokotoa, inarudisha jibu, inachukua kingine. Watu wengi waliijua kupitia SETI@home, ule mradi ulioanza 1999 wa kutafuta ishara za viumbe wengine angani, ambao tarehe 31 Machi 2020 uliacha kugawa kazi mpya, lakini miradi mingine ya magonjwa, hali ya hewa, nyota na namba inaendelea na programu ni ileile.

Mimi niliingia kwa sababu ya malaria. Kulikuwa na mradi wa MalariaControl.net, wa ile taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya ukanda wa joto, walewale walioanzisha maabara Ifakara miaka ya 1950, walikuwa wanaiga kwa hesabu jinsi malaria inavyosambaa na nini kitatokea mkigawa vyandarua au chanjo. Bibi yangu anakaa Kahe, kule chini kwenye mashamba ya maji, mdogo wangu akiwa likizo huko malaria ilimpanda kichwani tukadhani tumempoteza, kwaiyo niliposoma kwamba kompyuta yangu ikiwa imewashwa tu inaweza kusaidia hesabu za huo ugonjwa sikujiuliza mara mbili. Ule mradi ukaja kuisha, nikahamia mingine, na mmojawapo ni wenu.

Na siyo jambo la kujifurahisha tu. Mwaka 2010 mradi wa Einstein@Home walitangaza pulsa mpya, nyota inayozunguka kwa kasi ya ajabu, na iligundulika kwenye kompyuta za watu wa kawaida, moja ilikuwa nyumbani kwa watu huko Iowa Marekani na nyingine Mainz Ujerumani. Hao hawakuwa wataalamu wa nyota. Walikuwa na kompyuta na umeme. Hilo jambo nawaambia vijana wangu kila siku.

Sasa mimi nilichonacho. Nina steshenari ndogo, desktopu 4 za mtumba, prosesa i5, RAM (kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika inafutika) GB 4 kila moja. Mchana watu wanachapa CV, wanajaza fomu za mkopo wa chuo, jioni nina wanafunzi wa Word na Excel. Saa mbili usiku nafunga, na kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili asubuhi nimeruhusu mashine zikokotoe, masaa 10. Kila moja ikiwa kazini inakula kama wati 80, zote nne kwa usiku mmoja ni uniti 3.2, kwa mwezi ni uniti 96 za LUKU ambazo nazinunua mimi. Silalamiki kuhusu hizo uniti, nimezitoa kwa moyo. Ninachotaka ni kuzitoa kwa ratiba yangu. Hoja zangu ni hizi:

1. Kazi mnazileta nyingi kuliko tunavyoomba.

Kwenye setingi nimeweka akiba ya kazi ya nusu siku, basi. Programu inapoomba kazi inaomba kwa muda, inasema nipe kazi za masaa kadhaa, na seva yenu ndo inaamua ni ngapi kwa kuangalia makadirio, na makadirio mnayaandika nyie. Mashine moja ikaletewa kazi 12, kila moja imeandikwa masaa 4. Nikaona sawa. Ya kwanza ilipoisha ilikuwa imetumia masaa 19! Hebu tupige hesabu pamoja, kazi 12 mara masaa 19 ni masaa 228, mashine inakokotoa kazi 4 kwa pamoja kwaiyo gawa kwa 4 unapata masaa 57, mimi naruhusu 10 kwa usiku, hizo ni karibu siku 6, na dedilaini mmeweka siku 3. Kwa ratiba yangu zisingeisha.

Kibaya zaidi ni kinachofuata. Programu ikiona dedilaini inakaribia inaingia kwenye hali ya dharura, inatanguliza yenye dedilaini ya karibu na mengine yote yanasubiri. Mimi nina miradi miwili, yenu na mwingine wa magonjwa, nimeipa mgao sawa, 100 kwa 100. Wiki mbili mfululizo ule mwingine haukupata hata saa moja. Najua programu inakumbuka na baadaye inaurudishia muda wake, lakini ni mimi niliyesema nusu kwa nusu, na makadirio yenu mabovu yakafuta nilichosema bila mtu kuniuliza. Programu siilaumu, yenyewe inajaribu kuokoa dedilaini mliyoiweka nyie.

2. Dedilaini zimepangwa kwa mtu ambaye kompyuta yake haizimwi.

Siku 3 inamtosha mwenye mashine inayokokotoa masaa 24. Kwangu siku 3 ni masaa 30. Na nyie hamuwezi kusema hamkujua, maana programu inarekodi kompyuta imewashwa kwa kiasi gani na imeruhusiwa kukokotoa kwa kiasi gani, na hizo namba zinafika kwenye seva kila inapoomba kazi. Mnazo. Mngezitumia msingenitumia kazi ambayo haiwezi kuisha kwangu. Ikichelewa mnaituma kwa mtu mwingine aanze upya, kwaiyo umeme wangu umeungua, na wake unaungua kwa kazi ileile. Nani amefaidika hapo?

3. Kazi zenu ndefu hazisevu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Huku kwetu umeme unakatika. Ule mgao wa mwishoni mwa 2023 kila mtu anaukumbuka, lakini hata bila mgao, mvua kubwa ikipiga au nguzo ikianguka umeme unaenda. Hilo si kosa lenu. Lakini kukatika kwa umeme siyo habari mpya kwa mtu anayeandika programu ya kukokotoa masaa 19, ndo maana miradi mingine kazi inajisevu njiani kila baada ya dakika chache, umeme ukirudi inaendelea ilipoishia.

Niwape kisa kimoja. Kazi 16, nne kwa kila mashine, zilikokotoa usiku wa kwanza masaa 10. Asubuhi sikuzima, nilizisimamisha tu zikabaki kwenye RAM, sababu nilishajua nikizima zinaanza upya. Mchana mzima mashine ya GB 4 inabeba kazi yenu na wateja wangu kwa pamoja. Siku hiyo alikuja dada mmoja anachapa barua ya maombi ya kazi, mwisho wa kuwasilisha saa kumi jioni, Word inaganda, mshale hauendi, dada wa watu anaangalia saa, jasho linamtoka, na mimi najua kabisa kinachoigandisha ni nini. Ningeweza kuitoa kazi kwenye RAM akamaliza barua yake dakika tano. Sikuitoa, nikamhamishia mashine nyingine ambayo nayo ilikuwa nzito vilevile. Alimaliza saa kumi kasoro dakika chache. Mpaka leo nikimkumbuka nafsi inanisuta, maana nilitanguliza masaa 10 ya hesabu mbele ya mtu aliyesimama mbele yangu na hela yake mkononi.

Usiku wa pili zikaendelea. Zimefika saa ya 17 kati ya 19, zimebaki masaa mawili tu, saa tisa usiku umeme ukakata. Ukarudi saa kumi na moja. Nilipofungua asubuhi nikakuta zote 16 zimeanza sifuri. Masaa 17 mara kazi 16 ni masaa 272 ya kukokotoa, zaidi ya uniti 5 za umeme, na ile aibu kwa yule dada, vyote havikuzaa jibu hata moja.

Mliniambia kwenye mwongozo kuna setingi ya kusevu kila sekunde 60. Ndugu zangu, ile setingi inasema kazi isisevu mara nyingi kuliko hapo, haiilazimishi kusevu kama aliyeiandika hakuiwekea uwezo huo. Hiyo kazi ni yenu, mimi siwezi kuifanya kutoka Majengo.

4. Mmeondoa visanduku vya kuchagua aina ya kazi.

Zamani kwenye ukurasa wa akaunti nilikuwa naweza kutiki kazi fupi na kuacha ndefu. Baada ya apdeti havipo tena, unachukua chochote kinachokuja. Aina moja inakuja na faili kubwa mno na sisi tunatumia bando, siyo intaneti ya chuo. Nimeweka kikomo cha MB kwa siku kwenye programu na kinafanya kazi, lakini kikifika mashine inakaa bila kazi wakati zipo kazi zenu nyepesi ningeweza kufanya. Kijana mmoja wa Sakina, Arusha, niliyemuunganisha mwenyewe, bando lake la wiki liliisha usiku mmoja kwa kuwa alikuwa bado hajajua kuweka kikomo. Ameitoa programu. Simlaumu.

5. Setingi za kwenye tovuti na za kwenye kompyuta zinagongana. Ukigusa tu za kwenye kompyuta, za tovuti hazifuatwi tena na hiyo mashine. Ndivyo programu ilivyo na siwadai nyie muibadilishe, ila kwenye maelekezo yenu ya kujiunga mnamwambia mgeni aweke huku na huku bila kumweleza ipi itashinda. Andikeni sentensi moja tu, watu wataelewa.

Sasa najua mtajibu nini, kwa sababu mengine mlishanijibu au nimeona mkiwajibu wenzangu.

Mtasema kitufe cha kusimamisha kipo, na cha kukataa kazi mpya kipo. Ni kweli vipo, navitumia. Lakini nina mashine 4, kila usiku niwe nazunguka moja moja nabonyeza hii isimame ile iendelee, niwahi kuamka alfajiri niangalie ipi iko karibu na dedilaini? Programu ilitengenezwa ili ijiendeshe yenyewe nyuma ya shughuli za mtu. Nikianza kuichunga kama mbuzi, basi mimi niliyejitolea miaka kumi na tano nitavumilia, kijana aliyejiunga juzi hatavumilia.

Mtasema niandike faili la app_config.xml. Nimeliandika, na linafanya kazi yake, linazuia ngapi zikokotolewe kwa pamoja. Halirefushi dedilaini, na haliifanyi kazi isevu. Alafu vijana wangu wengi ndo kwanza wanajifunza kuandika barua kwenye Word, siwezi kuwaambia mlango wa kujitolea ni kuhariri faili la msimbo wa kompyuta.

Mtasema ninunue UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Ninayo moja, inashika dakika chache tu za kuzima vizuri, na kuzima vizuri hakusaidii kitu kama kazi haisevu.

Mtasema watu wakipewa kuchagua watachagua kazi rahisi zenye pointi nyingi (zile alama mtu anazopewa kwa kazi aliyoimaliza) na ngumu zitabaki. Hii hoja naiheshimu, ina ukweli ndani yake, wapo watu wanafuata pointi. Lakini angalieni miradi mingine, PrimeGrid mtu anachagua aina ya kazi, Einstein@Home anachagua, World Community Grid anachagua, na sayansi yao inaenda. Kwenye LHC@home, wa kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, unaweka idadi ya juu ya kazi unazotaka kupewa. Rosetta@home kwa miaka mingi wamemruhusu mtu apange kila kazi iende kwa masaa mangapi. Kazi ndefu za Climateprediction.net, wa Oxford, zimewahi kupewa dedilaini ya karibu mwaka mzima. Wote hao wanatumia BOINC hiihii mnayotumia nyie. Pangeni pointi zilingane na ugumu wa kazi, anayefuata pointi atazifuata hukohuko kwenye ngumu.

Mtasema utafiti unahitaji majibu haraka. Sawa kabisa. Za haraka wapeni wenye mashine zisizozimwa, takwimu za kuwatambua mnazo, na sisi wa usiku tupeni ambazo zinaweza kusubiri wiki mbili.

Na mtasema mpo wachache, hela hakuna. Hili nalielewa kuliko yote maana na mimi nipo peke yangu dukani. Kama tatizo ni watu, semeni wazi, tuambieni lipi mtalianza na lipi litasubiri. Kuambiwa nisome mwongozo wakati nimeandika kurasa mbili za maelezo yenye namba, hapo ndipo nilipoona kwamba barua yangu haikusomwa.

Kwaiyo naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa uzito kwangu. Kwanza kabisa kazi ndefu zisevu, hata kila nusu saa itanitosha, na kama kuna aina ambayo haiwezi kusevu basi iandikwe hivyo wazi na mtu aikatae kabla haijafika kwake. Pili mrudishe visanduku vya kuchagua aina ya kazi, na ukubwa wa faili uonekane pembeni yake. Tatu muweke sehemu ya kuandika idadi ya juu ya kazi kwa kila kompyuta. Nne mrekebishe makadirio, na mpaka yatakaporekebishwa dedilaini isiwe chini ya siku 10. Nne hizo tu. Ile ya maelekezo naamini mtu mmoja wenu anaweza kuimaliza leo kabla ya chakula cha mchana.

Nawapa siku 30 kuanzia leo, na jibu liwe la wazi kama barua ilivyo wazi, kwa lugha yoyote, Kiingereza nitawasomea wenzangu. Kimya kikiendelea nitabonyeza kukataa kazi mpya za mradi wenu kwenye mashine zote 4, na nitawaeleza vijana wa hapa Moshi na Arusha sababu yake, kila mmoja ataamua mwenyewe. Uniti zangu 96 zitaenda kwenye ule mradi mwingine. Kazi 9 zenu ambazo ziko mkononi sasa hivi sitazifuta, nitazimaliza zote na kuzirudisha, mbili kati yake dedilaini ni keshokutwa na nimeshazitanguliza.

Wenu katika kujitolea,

Mwenye steshenari, Majengo, Moshi.

Nakala: Wote tunaokokotoa usiku, Moshi na Arusha.